Je, wajua kwa nini kupima RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kunamaliza usiku mzima?

Mwaka jana laptopu yangu ilianza vituko. Leo inazima nikiwa katikati ya kazi, kesho inaleta ile skrini ya bluu imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT, keshokutwa nafungua faili la zip naambiwa limeharibika na nimelipakua saa hiyo hiyo, halafu inakaa siku tatu imetulia kama mtoto aliyeona wageni. Fundi wa kwanza akasema ni virusi, akafomati, yaani akafuta kila kitu akaweka Windows upya. Ikarudi vile vile. Akafomati tena, na pesa ikanitoka tena. Wa pili alikuwa kijana mmoja kwenye kibanda huko Luthuli Avenue, meza imejaa skrubu hadi hakuna pa kuweka kikombe, hakuuliza mengi, alisikia tu "kila siku shida tofauti" akaniambia, "Boss, hiyo inanuka RAM, niachie niipime, urudi kesho."

Kesho? Kucheki RAM tu?

Sasa iko hivi. Ndani ya RAM kila biti, yaani kila sifuri au moja, inakaa kwenye kapasita ndogo sana, kitu cha kutunza chaji ya umeme, yenye kimlango chake, transista. Tuseme ikiwa na chaji ni moja, ikiisha ni sifuri. Shida ni kwamba hizo kapasita zinavuja, kama jerikani zenye ufa, kwa hivyo lazima zijazwe upya kabla hazijakauka, na kawaida kila moja inafikiwa ndani ya milisekunde 64, bila kupumzika. RAM ya giga 8 ina jerikani kama bilioni 68. Moja tu ikivuja haraka kuliko wenzake, umekwisha.

Na hapo ndipo zinatoka zile shida za kila aina. Ukiwasha kompyuta vitu havirudi pale pale vilipokuwa jana. Leo ile jerikani mbovu imepewa picha, kidoti kimoja kinabadilika rangi na hakuna atakayeona. Kesho imepewa maagizo ya Windows yenyewe, puu, skrini ya bluu. Siku nyingine ni faili lako linapita hapo likienda kuseviwa, na hiyo ndio mbaya kabisa kwa sababu haina kelele. Kufomati kutasaidia nini hapo? Tena unainstoli Windows mpya ikipitia kwenye RAM ile ile, inaweza kufika kwa diski ikiwa imeshaharibika.

Kuipima huwezi vizuri ukiwa ndani ya Windows, maana Windows imekalia sehemu ya RAM, na huwezi kupiga deki pale umesimama. Ndio maana watu wanatumia flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, unawasha mashine kupitia hiyo flashi kabla Windows haijaamka. (Hata yenyewe inakalia kidogo, lakini inajisogeza ikapige deki pale ilikuwa imesimama.) Windows ina kipimo chake pia, andika mdsched pale pa kutafutia, utaristati na kitajiendesha. Ni kizuri kwa kuanzia, lakini kikisema kila kitu sawa mimi bado siamini.

Kinachokula saa ni kwamba kuandika na kusoma mara moja hakutoshi. Programu inajaza moja kila mahali, inasoma, inajaza sifuri, inasoma, halafu inapanga moja na sifuri zikipishana ili kuona kama jirani anamsumbua jirani, inapita kutoka chini kwenda juu ikigeuza kila kitu, kisha inarudi juu kwenda chini. Kuna mahali inaandika kwenye kila chumba namba ya chumba chenyewe, kama vile ungeandika namba kwenye milango yote ya ploti, maana wakati mwingine anwani mbili zinampeleka mgeni mlango mmoja. Kosa lingine linatoka RAM ikishapata joto tu. Kwa mashine nzee kama yangu raundi moja inaweza kumaliza saa nzima na zaidi, na raundi moja haitoshi.

Asubuhi nilipofika skrini ilikuwa na mistari myekundu. Fundi akaniwekea kidole: ilitarajiwa FFFFFFFF, yaani biti zote moja, imesomwa FFFFFFFB. Biti moja imeanguka, na anwani ni ile ile raundi zote.

Hiyo anwani kujirudia ndio ushahidi, kwa sababu biti inaweza kugeuka mara moja tu na RAM ikawa nzima. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alipewa kura 4,096 za ziada na mashine ya uchaguzi. Hiyo namba ni thamani ya biti moja iliyogeuka, ya 13, ukihesabu 1, 2, 4, 8 ikijizidisha mara mbili. Mashine ikapimwa na kupimwa, hawakupata ubovu, wakashuku chembe kutoka angani.

Yangu haikuwa ya angani. Nilikuwa na RAM mbili za giga nne nne, akatoa betri, akachomoa zote, akasugua zile meno za dhahabu na raba ya penseli (uchafu pale unaleta makosa ya uongo), akapima moja moja kwenye sloti ile ile. Moja safi. Nyingine nyekundu, na alipoihamishia sloti ya pili bado nyekundu. Zingekataa zote kwenye sloti moja tungeanza kuongea mambo ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na hiyo ni bei nyingine. Na zingepita zote bado angeangalia joto, chaja na draiva, zile programu zinazoendesha vifaa.

Nikanunua giga nne nyingine, nikaomba ipimwe kabla sijalipa, alinuna kidogo lakini akaipima. Tangu hapo haijazima. Ila kuna picha mbili nilizisevu wakati ule, nusu ya chini ni kijivu kitupu, na hizo hazirudi.