Taya la mtoto limevimba: msikimbie kipimo cha kinyama

Limfoma ya Burkitt ni nini?
Ni saratani ya seli za kinga, na huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Siku, mzazi, si miezi.

Dalili zake?
Taya huvimba, meno hulegea, jicho husukumwa nje, au tumbo hujaa. Tunapokea watoto walioshang'olewa meno mawili matatu na uvimbe uko palepale. Meno yanalegea kwa sababu mfupa unaoyashika unaliwa. Tafadhali, yasing'olewe kabla mtoto hajapimwa.

Uvimbe uko usoni, mbona anapigwa ultrasaundi ya tumbo?
Kwa sababu ugonjwa huu hupenda pia figo, ini na ovari. Ultrasaundi haina mionzi wala haiumi. Ila picha huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake tu. Haitoshi kutuambia ni ugonjwa gani.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikikatwa, si saratani itasambaa?
Hapana. Kwa ugonjwa huu, hapana kabisa. Mtoto aliyezidiwa baada ya kipimo aliletwa akiwa amechelewa, halafu kipimo ndicho kinacholaumiwa. Kinyama hutiwa kwenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, hukatwa vipande vyembamba mno na kupakwa rangi. Kwenye hadubini seli huonekana zimebanana, bluu iliyokoza, zikiwa na madoa meupe ya seli zinazokula seli zilizokufa. Wataalamu huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Bila jibu hilo daktari hajui aanze na dawa gani.

Tumeambiwa tumalize kwanza dawa za mganga, mwezi mmoja.
Mwezi huo hamna. Hata wiki mbili za kubadilisha antibayotiki za dukani hamna. Mleteni leo, akatwe kinyama.

Kweli inatibika?
Ndiyo, watoto wengi hupona wakiwahi, na tiba yenyewe ni kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani. Mara nyingi hakuna upasuaji mkubwa. Uvimbe huweza kunywea ndani ya siku chache, na hapo ndipo wazazi wengine huondoka na mtoto. Msiondoke. Seli zikifa kwa wingi huweza kuziba figo, ndiyo maana tunamlaza na dripu ya maji mchana na usiku, na mizunguko ya dawa iliyobaki lazima aimalize yote.