Mtoto Amemeza Sarafu: Tuulize na Sababu

Wazazi wengi wanaokuja kliniki yetu ya watoto hapa Moshi hushusha pumzi picha ya eksirei inapoonyesha kwamba sarafu imeshafika tumboni. Wana haki. Ikishavuka umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe na choo ndani ya siku kadhaa. Na kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 sababu haiko mbali: umri huo kila kitu huonjwa.

Betri ndogo bapa, zile za saa, rimoti na vinyago vya taa, ni dharura. Ikinasa kwenye umio huweza kuunguza ndani ya saa 2, hata kama ni kuukuu. Mlete usiku huohuo, hata kama anacheza. Usimtapishe, wala usimpe tonge la ugali au ndizi ili kusukuma. Najua bibi zetu huagiza hivyo kwa upendo. Kama ana zaidi ya mwaka 1, anameza vizuri, na hazijapita saa 12 tangu aimeze, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Sumaku mbili nazo zikimezwa hushikana na kutoboa utumbo.

Wasiwasi wangu mkubwa ni mtoto wa miaka 5 au zaidi anayemeza vitu tena na tena, au anayekula udongo, chokaa ya ukutani, sponji ya godoro. Fimbo haimtibu. Mfunue kope la chini: pakiwa peupe, huenda damu imepungua kwa kukosa madini ya chuma, pengine kwa minyoo ya safura. Wengine wana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu), usonji, au huzuni ambayo hakuna aliyeigundua. Mkague na kichwani. Sehemu yenye nywele chache, fupifupi, zilizokatika, huweza kuonyesha kwamba anazinyofoa. Akizimeza hujifunga tumboni kuwa bonge, na likiwa kubwa hutolewa kwa upasuaji.

Yupo pia anayekwamwa na nyama au maharage kila mara. Huyo umio wake huenda umebana. Kostiki ya kutengenezea sabuni, ikiwekwa kwenye chupa ya maji, hunywewa kwa bahati mbaya, na kovu hubana wiki au miezi baadaye. Mwambie daktari hata kama ilitokea mwaka jana, ili umio uangaliwe kwa kamera na upanuliwe taratibu panapohitajika.