Je, wajua kwa nini viwanda vya Dar es Salaam vilijazana karibu na Mto Msimbazi?

Panda daladala ya Gongo la Mboto. Ukishapita Tazara utaona kuta ndefu za viwanda na maghala, na upande wa kulia, nyuma yake, nyumba za Vingunguti zikishuka hadi Mto Msimbazi. Ni rahisi kudhani viwanda vilifuata maji. La hasha, vilifuata reli.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ikitoka mjini inapita Buguruni na Vingunguti kabla ya kupanda vilima vya Pugu. Mpango mji wa mwaka 1949 ukalitenga eneo la Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, kuwa la viwanda. Mzigo ukishushwa bandarini unafika hapo kwa mwendo mfupi. Vibarua nao wakajenga karibu, waende kazini kwa miguu.

Mto wenyewe ukaachiwa kubeba uchafu. Chukua kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Pamba iliingia, zikatoka khanga na vitenge. Lakini kutia rangi kitambaa kunataka maji mengi, na maji hayo yakishatumika lazima yaelekee mahali. Yaliingia kwenye vijito vinavyomwaga Msimbazi.

Vingunguti ikabebeshwa zaidi: machinjio yanayopokea ng'ombe kutoka mnada wa Pugu, na mabwawa ambako magari ya majitaka humwaga yalichonyonya kwenye vyoo vya mjini. Ng'ambo ya mto, Tabata, kulikuwa na dampo la jiji. Mwaka 1988 wakazi waliochoshwa na moshi na harufu walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda. Ushindi mkubwa, nami nawavulia kofia. Ila dampo lilipoondolewa lilihamia wapi? Vingunguti.

Bondeni watu hulima mchicha na matembele, wakimwagilia kwa ndoo maji hayo hayo ya mto. Watafiti wamepima udongo na mboga za huko wakakuta madini mazito, yakiwemo risasi na kromiamu. Mchicha huo unauzwa sokoni kama mwingine wowote, na mnunuzi hana namna ya kuutofautisha kwa macho.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, zikiwemo za kujenga daraja refu kuliko lililopo pale Jangwani, ambako mvua kubwa hukata Barabara ya Morogoro. Daraja litasaidia sana wasafiri. Kwa mkulima wa mchicha, la muhimu zaidi ni kinachotoka kwenye mabomba ya viwanda.