Kioo Cheusi Baada ya Kugusa BIOS: Usinunue Kioo Kipya Kwanza

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa kwenye meza yangu ya ufundi Mwanjelwa, Mbeya, naletewa tatizo la aina moja mara kwa mara. Mtu kaambiwa kwamba ili Windows 11 ikubali, lazima aingie kwenye BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, awashe TPM na Secure Boot, yaani vitu viwili vya ulinzi. Kaingia, kawasha, na kwa kuwa keshafika mle ndani, kabadilisha na vitu vingine viwili vitatu asivyovijua. Kahifadhi kwa F10. Laptop inajizima na kuwaka tena, taa zipo, feni inazunguka, ila kioo ni cheusi tii.

Kinachoniuma ni yale yanayofuata. Anapita kwa mafundi, huyu anamwambia kioo kimekufa, yule anamwambia bodi imeungua. Kioo kilichokuwa kinaonyesha vizuri hadi dakika ile ya kubonyeza F10 ni nadra sana kife chenyewe dakika hiyohiyo. Kabla hujatoa hela, jibu swali moja: mashine haijaamka kabisa, au imeamka ila picha haifiki kwenye kioo?

Washa laptop, subiri kama nusu dakika, kisha bonyeza Caps Lock. Kama kibodi yako ina taa ya Caps Lock na inawaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai na inakusikiliza. Taa ikipepesa yenyewe kwa mpangilio, hesabu mipepeso na iandike. HP na Dell hutumia taa kutaja kifaa kilichogoma, na maana yake iko kwenye mwongozo wa modeli yako. Baada ya hapo nenda chumba chenye giza, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, picha ipo, taa ya nyuma ya kioo ndiyo haiwaki. Mwisho chomeka kebo ya HDMI kwenye TV: picha ikitokea huko, mashine imeamka ila picha haifiki kwenye kioo.

Na uwe na subira. Ukibadilisha mipangilio ya ramu, au ukichomoa betri zote, mashine inapowaka mara ya kwanza huipima ramu upya, na muda wote huo kioo kinabaki cheusi. Laptop zenye DDR5, ramu ya kizazi kipya, zinaweza kuchukua dakika kadhaa. Wengi hukata tamaa na kuizima katikati, halafu inaanza upya kila mara.

Niwape mfano wa mwalimu mmoja wa Rungwe. Laptop yake ilikuwa used kutoka Ulaya, ya daraja la kiofisi, yenye chipu mbili za picha: ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na ya Nvidia iliyo peke yake kwenye bodi. Tulipokwisha kusalimiana akaniambia, "Mwanangu, wamesema kioo kimekufa, na hela ya kioo sina." Nikabonyeza Caps Lock, taa ikaitika. Kwa tochi hakuna kitu, kwa HDMI hakuna kitu. Nikamuuliza nani aliingia BIOS. Ni mjukuu wake, na yule kijana kwa bahati alikumbuka: sehemu ya picha alitoa mpangilio wa chipu mbili kusaidiana, akachagua Nvidia peke yake.

Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana. Kwenye laptop za aina ile kuna swichi kwenye bodi inayoamua kioo kipokee picha kutoka chipu ipi. Ukichagua Nvidia peke yake, waya wa kioo unahamia kwake, na HDMI ya mashine ile nayo ilikuwa yake. Chipu ya Nvidia iliyochoka kwa joto la miaka mingi haitoi picha, na hapo huna pa kuonea ili urudishe ulichobadilisha. Intel nzima kabisa, kioo kizima kabisa, ila hakuna anayewaunganisha.

Fundi aliyetangulia alikuwa ameshatoa betri ya CMOS, ile ya duara ya volti 3, akaiacha nje usiku mzima. Haikusaidia, na sababu yake inafaa ieleweke na kila anayefungua laptop. Zamani mipangilio ya BIOS ilikaa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri ile. Ukiitoa, kila kitu kinafutika. Kwenye laptop nyingi za UEFI, yaani BIOS ya kisasa, mipangilio imehamia ndani ya chipu ileile yenye BIOS yenyewe, chipu ya miguu 8 ambayo haihitaji umeme ili ikumbuke. Betri ya duara imebaki na kazi ya saa. Unaweza kuitoa mwezi mzima, Nvidia itaendelea kuchaguliwa.

Bado kuitoa ni hatua ya halali, kwa sababu zipo mashine zinazoitikia. Chomoa chaja, chomoa betri kubwa na ile ya duara, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha. ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo chini: chomoa chaja kwanza, chokonoa kwa pini, subiri dakika moja. Dell nyingi za miaka ya karibuni zinataka chaja ikiwa imechomekwa na kitufe kishikiliwe hadi sekunde 30 au zaidi. Kwa HP, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B huku ukiwasha. Hiyo inaiandika upya BIOS yenyewe, kwa hiyo usiifanye umeme ukiwa wa kukatikakatika na betri haina chaji.

Kwa mwalimu hayo yote yaligoma, nikatumia njia ninayoipenda kuliko zote: nilitafuta laptop pacha, modeli ileile, nikaiweka pembeni na kuwasha zote mbili kwa pamoja. Mkono mmoja F1 huku, mwingine F1 kule. Pacha akaonyesha menyu ya BIOS. F9 kote kuwili, kisanduku kikauliza kama nirudishe mipangilio ya kiwandani, alama ikiwa tayari kwenye "Yes". Enter. F10. Enter. Zikajizima pamoja, na zilipowaka kioo cha mwalimu kilikuwa na picha. Nikaizima Nvidia ndani ya Windows, maana kazi zake ni kuandaa mitihani na kujaza matokeo, na Intel inatosha.

Vitufe hutofautiana. Acer na ASUS nyingi huingia kwa F2, halafu F9 na F10 kama kawaida. Kama BIOS ina nenosiri usilolijua, njia hii imefungwa.

Ikishindikana kabisa, inabaki kuandika upya ile chipu ya miguu 8 kwa programa, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu. Hapo nawaomba sana mafundi wenzangu: soma kwanza kilichomo, soma tena, linganisha nakala mbili zifanane, uzihifadhi. Ndani yake mna namba ya mashine na, kwa laptop zilizokuja na Windows, ufunguo wa leseni. Ukimwaga tu faili la mtandaoni umevifuta. Soma pia namba ya chipu kabla ya kuishika, kwa sababu zipo za volti 3.3 na za volti 1.8, na programa za bei rahisi za CH341A zinaweza kuiunguza ile ya 1.8.

Jambo la kumuuliza mteja kabla ya yote haya ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga mafaili ya diski. Ukirudisha BIOS kiwandani au ukigusa TPM, Windows inaweza kugoma kufunguka mpaka uingize namba ya tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo iko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuseti laptop, na unaweza kuiangalia kwa simu. Mwambie aitafute akiwa bado amesimama hapo mezani, kwa sababu bila hiyo picha itarudi na mafaili hayatafunguka.