Kabla ya Kununua Stata Mpya, Pima Waya Zake

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na pistoni zikipanda polepole joto hilo hupotelea kwenye kuta za silinda huku hewa ikivuja kwenye ringi. Kwa hiyo lori ambalo stata yake (mota ya kuwashia injini) inazunguka kwa uvivu linaweza kutoa moshi mweupe na kugoma ingawa pampu ya dizeli na nozeli zote zinazoinyunyiza kwenye silinda ni nzima. Kwenye injini za komonireli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, likisimamiwa na kompyuta) ni vilevile: pampu ikizungushwa taratibu haifikishi presha inayotakiwa, na kompyuta hairuhusu nozeli kufunguka. Lori likigoma asubuhi, mimi huanza na umeme. Nozeli haziguswi kwanza.

Malori mengi makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano kupata volti 24. Pima kila betri peke yake, lori likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.2 ni nusu. 12.0, karibu imekwisha. Betri mbili zikipishana kwa zaidi ya volti 0.2, angalia kama kuna redio au chaja ya simu iliyochukua moto (umeme) kwenye betri moja tu. Kosa hili ni la kawaida na linaua betri zote mbili: ile inayonyonywa haijai kamwe, sahani zake zinaota salfeti, na mwenzake anachajiwa kupita kiasi hadi maji yanakauka. Kifaa cha volti 12 kipewe kigeuzi cha kushusha 24 hadi 12. Na ukinunua betri nunua mbili, za aina moja na ukubwa mmoja. Mpya ikifungwa na kuukuu haidumu.

Sasa piga stata huku mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Volti zisishuke chini ya 19. Zikibaki 22 na bado stata ni mvivu, betri haina hatia. Hapa ndipo wengi hushusha stata nzima bure.

Zuia injini isiwake kwa kukata dizeli, kisha weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, si kibanio chake. Ncha nyeusi iguse bolti kubwa ya stata. Mwenzako apige stata sekunde 5. Mita isizidi nusu volti. Rudia upande wa hasi, kutoka mwili wa stata hadi kichwa cha hasi cha betri, hapo 0.3 inanitosha. Ikizidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo mpaka uone volti zinaporuka. Kiungo hicho ndicho kibovu.

Kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, hakisaidii hapa. Kebo iliyobaki na nyuzi chache itasoma nzima, kwa sababu mita ya kawaida haioni omu 0.002. Lakini stata ikivuta ampea 400, omu 0.002 inakula volti 0.8, na kiungo kinachemka.

Anayesahaulika kuliko wote ni waya wa eathi kati ya injini na chasisi. Injini imekalia raba, kwa hiyo waya huo ukilegea umeme hutafuta njia nyingine: kebo ya akselereta, kebo za gia. Ukigusa kebo hizo baada ya kupiga stata na zina joto, umepata jibu. Fungua, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kumbuka kufungua hasi ya betri kwanza na kuirudisha mwisho.

Injini ikishawaka, chaji iwe kati ya volti 27.6 na 28.8. Ikiwa chini, angalia mkanda kabla ya alteneta (jenereta inayochaji betri). Ikipita 29 mfululizo, regyuleta inayodhibiti chaji imeharibika na betri zitachemka. Usizime swichi kuu ya betri injini ikinguruma: volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi za alteneta, pengine na kompyuta.

Stata ikizunguka kwa kasi na hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Toa maji yaliyojikusanya kwenye kitenganishi cha maji na dizeli, legeza skrubu ya hewa juu ya filta, sukuma pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Usipige stata zaidi ya sekunde 15; ipumzishe dakika 2.

Ukiongeza taa, usizipitishe kwenye swichi ya dashibodi. Taa mbili za wati 70 ni wati 140, yaani karibu ampea 6 kwa volti 24, na zikipita kwenye waya mwembamba na swichi iliyochoka, volti zinapotea njiani. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti hupoteza takribani asilimia 30 ya mwanga. Tumia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 24: pini ya 30 inapokea moto wa betri kwa waya wa milimita mraba 2.5, 87 inakwenda taa, 86 inatoka swichi, 85 inakwenda eathi. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi: kikichubuka kwenye ukingo wa chasisi, kitawaka mpaka betri iishe au kebo ikatike.