Spencer Gore: Bingwa wa Kwanza wa Wimbledon Ambaye Tenisi Haikumvutia

Spencer Gore alikuwa na miaka 27 alipotwaa ubingwa wa kwanza wa Wimbledon, Julai 1877. Kazi yake ilikuwa upimaji wa ardhi. Mchezo wa moyoni mwake ulikuwa kriketi, na alikuwa ameichezea kaunti ya Surrey. Tenisi alipitishia muda tu.

Gore alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa, lakini usimfikirie kijana wa mchangani anayesubiri kusajiliwa. Katika Uingereza ya Malkia Victoria, kucheza bila malipo ndiyo ilikuwa heshima ya muungwana; aliyelipwa alihesabiwa mtu wa chini. Wimbledon haikuwafungulia mlango wachezaji wa kulipwa hadi 1968.

Na mashindano yenyewe hayakuwa na makuu. Klabu ya All England iliyoyaandaa, wakati huo ikiwa barabara ya Worple, Wimbledon, ilihitaji fedha za kukarabati rola ya kushindilia nyasi, ile iliyokokotwa na farasi mdogo. Wanaume 22 wakajiandikisha kwa gini moja moja, yaani shilingi 21 za Uingereza. Katikati ya mashindano kila kitu kikasimama kupisha mechi ya kriketi kati ya shule za Eton na Harrow (naam, mechi ya wanafunzi). Kisha ikanyesha mvua, fainali ikaahirishwa hadi Alhamisi, tarehe 19. Watazamaji wapatao 200 walitoa shilingi moja kila mtu.

Sasa tuutazame wavu wa siku ile, maana siri yote imo humo. Kwenye nguzo ulipanda mita moja na nusu, lakini katikati ulishuka hadi karibu mita moja. Wachezaji wengi walibaki nyuma, wakingoja mpira udunde ndipo waurudishe. Gore akasogea mbele, akawa anaupiga ukiwa bado hewani. Mpinzani wake, William Marshall, ampitishie wapi? Pembeni wavu ni mrefu, na pale ulipo mfupi Gore keshasimama. Dakika 48 zikatosha: 6-1, 6-2, 6-4.

Mwaka 1878 wavu ulishushwa kidogo. Gore, kama bingwa mtetezi, alimsubiri fainali atakayewashinda wengine wote. Akaja Frank Hadow, mkulima wa kahawa wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, aliyekuwa likizo nyumbani. Hadow hakuhangaika kutafuta upenyo. Kila Gore alipousogelea wavu, Hadow aliupaisha mpira juu ya kichwa cha Gore ukaangukia nyuma, na Gore akalazimika kugeuka na kuufukuza. Matokeo: 7-5, 6-1, 9-7. Hadow akarudi kwenye kahawa yake, na mwaka uliofuata hakuja hata kuutetea ubingwa.

Gore naye hakutwaa taji hilo tena. Mwaka 1890 aliandika kwamba tenisi ya nyasi inachosha kwa kujirudia rudia, na kwamba mtu aliyekwisha kuimudu kriketi hawezi kuipa muda wake.