Je, wajua kwa nini sanduku la maoni hukaa tupu?

Panda basi la wafanyakazi wa maua linalotoka Karagita, Naivasha, alfajiri, utege sikio tu. Kabla hamjafika getini utakuwa umejua supavaiza yupi ana matusi, glavu zipi huchanika siku ya pili, na ni nani hajalipwa overtaimu ya msimu wa Valentine. Sasa lifungue sanduku la maoni lililotundikwa hapo getini. Utakuta ganda la peremende na utando wa buibui.

Mbona yote yameishia kwenye basi?

Woga upo, na una sababu. Fomu inasema "usiandike jina", halafu inauliza kitengo, jinsia, umri na miaka uliyofanya kazi. Tuseme kitengo cha kupuliza dawa kina watu wanane, na mwanamke ni mmoja. Huyo akijaza fomu, ni sawa na kutia sahihi. Ndiyo maana wanaokusanya maoni kwa makini hawatoi matokeo ya kikundi kidogo peke yake, mara nyingi kikiwa na watu wasiofika watano. Hukichanganya na kingine. (Na kama sanduku linatazamana na mlango wa meneja, basi hata fomu msichapishe.)

Lakini hata asiyeogopa hukwama kwenye maswali yenyewe. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alieleza vipimo vya maoni ya watu ambavyo leo tunavijua kwa majibu matano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Ni rahisi kuhesabu, ila pale katikati pana kichaka cha kujificha, na anayechagua la kuulizwa ni mwajiri. Kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilikutana na shida hiyo mapema. Kati ya 1928 na 1930 wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa. Wahoji walianza na maswali yao tayari. Wafanyakazi wakawa wanayapita na kusema yaliyowakera. Basi wahoji wakaambiwa wasikilize tu, wasikatize. Mazungumzo ya nusu saa yakavuka saa nzima.

Kwangu mimi, hata hivyo, kinachoua sanduku zaidi ni jibu hili: "Si tulijaza mwaka juzi?" Walijaza, fomu zikabebwa, kimya. Aliyeulizwa akapuuzwa huumia kuliko ambaye hakuulizwa kamwe. Dawa yake si ghali. Ndani ya mwezi mmoja, tengeneza kitu kinachoonekana, hata kama ni kitasa cha mlango wa choo, kisha bandika ukutani: mlisema haya, tumefanya haya, na hili halitawezekana mwaka huu kwa sababu hii. Mameneja wengi huruka hilo la mwisho, na ndilo watu husimama kulisoma.

Sanduku nalo lihamishiwe njia ya chooni, ambako hakuna anayeulizwa anakwenda wapi. Litiwe kufuli mbili: ufunguo mmoja ofisini, wa pili kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.